Masweta ya Moja ya Saba

Wadogo zangu,

Kabla hamjaanza kusoma, nawaomba muuvumilie mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo wa Makambako, na mambo ya tahajia nilijifunza mpaka darasa la saba, nikaishia hapo. Ukikuta neno limepungukiwa herufi, liongezee ya kwako. Naandika polepole sana. Ukurasa mmoja unanichukua tangu chai ya asubuhi mpaka kuku wanaporudi bandani.

Nawaandikia ninyi mnaomaliza la saba, hasa wale mnaouliza sehemu na desimali zitawasaidia nini maishani. Mimi ni mstaafu. Nina miaka ishirini na saba. Najua mnacheka, hata mama yangu alicheka. Lakini kwa miaka tisa nilisukuma mashine ya kufuma masweta pale Makambako, na mwaka jana bega langu la kulia likakataa kazi. Daktari alisema lipumzike. Bega likastaafu, na mimi niliye mwenye bega nikalifuata. Sasa niko kwetu, karibu na Uwemba, nalima viazi kwa mkono wa kushoto. Matuta yangu yamepinda, ila viazi havijali.

Mashine ya kufuma ni ubao mrefu wa chuma wenye sindano mia mbili zilizopangwa kama meno ya kitana. Juu yake kuna kigari. Ukikisukuma kwenda, umepata mstari mmoja wa sweta. Ukikirudisha, umepata wa pili. Kila sindano inashika kitanzi kimoja cha uzi. Hakuna nusu ya kitanzi. Hilo mlishike, maana shida zangu zote zilianzia hapo.

Mwenye karakana alikuwa Mama Mgaya, mama mfupi aliyevaa masweta mawili, moja juu ya jingine, ili wateja wachague. Tulikuwa mafundi wawili tu. Mwenzangu aliitwa Sanga, Mkinga wa Makete, mtu wa maneno mengi, na mimi sikuwa na maneno. Siku ya kwanza nilisema "kamwene" asubuhi na "kwaherini" jioni, na katikati hapakuwa na kitu. Sanga akanipa jina la Kimya. Alisema tunagawana kazi vizuri, yeye anaongea kwa niaba ya wote na mimi nasikia kwa niaba ya wote.

Fundi aliyenitangulia alikuwa amehamia Mbeya na kutuachia kadi zake. Kadi zilikuwa vipande vya maboksi ya uzi, vimetundikwa kwenye misumari ukutani. Hazikuwa na maneno kabisa. Mama Mgaya alikuwa na msemo wake, kwamba maneno yanabishaniwa, namba zinafumwa. Kadi ikiandikwa 3.33, maana yake ni hii: tarakimu iliyo kabla ya nukta ni vitanzi vya pembeni, vya kushonea. Baada ya nukta ndiyo rangi zenyewe, vitanzi vitatu vyeupe, vitatu vya bluu, halafu unarudia mpaka sindano ziishe. Nukta kwetu ilikuwa inasema: kuanzia hapa, rudia.

Kulikuwa na kadi moja ya mikono ya sweta. Hiyo iliandikwa tu: -0.363636. Yaani kwa kila mstari mmoja upunguze vitanzi 0.363636, ili mkono uanze mpana begani na kuishia mwembamba kwenye kiganja. Nilizitazama zile sindano nikitafuta sehemu ya kitanzi. Nikaona aibu kumuuliza Mama. Nikamuuliza Sanga kwa sauti ya chini.

"Sifuri nukta tatu sita," alisema, "hiyo ni kama nusu, mdogo wangu. Punguza kimoja kila mistari miwili, ulale vizuri."

Mkono ulikuwa na mistari mia moja na kumi. Ulianza na vitanzi tisini, na ilitakiwa vibaki hamsini. Kwa nusu ya Sanga vilibaki thelathini na tano. Mama Mgaya alijaribu kupitisha mkono wake, vidole vikagoma mlangoni.

"Sweta hili," alisema, "mtoto angezaliwa nalo."

Nililifumua jioni ile. Uzi uliofumuliwa unajikunja kama tambi, na ukifuma nao tena sweta linakuwa na manyoya kama mbuzi aliyenyeshewa. Kwa hiyo fundi haogopi kitu kama kufumua. Nilikuja kujua baadaye kwamba 0.363636 isiyokwisha ni nne ya kumi na moja: punguza vitanzi vinne kila mistari kumi na mmoja. Mistari mia moja na kumi, vitanzi arobaini, imekwisha. Fundi yule alikuwa na namba safi kichwani, akaipitisha kwenye simu, ikatoka ikiwa imevaa mkia. Ndiyo maana nawaambia, ukiona desimali yenye mkia unaojirudia, usiikate na usiikadirie. Ndani yake kuna sehemu, itoe.

Namna ya kuitoa nilifundishwa na mtu mmoja, na kabla hajanifundisha nilikaribia kufukuzwa kazi. Nawasimulia.

Shule moja ya sekondari nje ya mji iliagiza masweta sitini ya bluu kwa ajili ya watoto wa kidato cha kwanza waliokuwa wanakuja. Mkuu wa shule, Mwalimu Kilasi, mama mrefu aliyekuwa pia anafundisha hisabati, alitaka mkanda kifuani, tatu nyeupe, tatu bluu. Niliandika kadi, 3.33, nikaitundika msumarini. Juu yake, kwenye msumari huohuo, nilitundika na hesabu yangu nyingine. Nilikuwa natafuta urefu wa kola ya mviringo ya mama mmoja wa kwaya, na shuleni tulifundishwa kwamba kwenye mviringo unatumia ishirini na mbili juu ya saba. Nikagawa kwenye simu, nikanakili jibu lote kama lilivyotoka, maana mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa anachapa waliofupisha majibu. Nikaandika 3.142857142857.

Kesho yake nilikuwa nakwenda nyumbani wiki nzima kupanda viazi. Mama Mgaya akauliza, "Kadi ya shule ni ipi?" Watu wenye maneno wangesema. Mimi niliuonyesha msumari kwa kidevu.

Niliporudi, Sanga alinipokea akiimba.

"Moja nne mbili, nane tano saba. Kimya, umetunga wimbo. Nimeuzoea mpaka nafuma huku nimefumba macho."

"Wimbo gani?"

"Mkanda wako wa shule. Tatu za pembeni, halafu moja nyeupe, nne bluu, mbili nyeupe, nane bluu, tano nyeupe, saba bluu, halafu inaanza tena. Mwanzoni nilisema Kimya ameugua malaria. Lakini umeingia kwenye sindano mia moja sitini na tano bila kubaki hata kitanzi."

Nikalitazama rundo mezani. Masweta thelathini na mawili, yote na mkanda wa kola ya mama wa kwaya.

Mama Mgaya alitoka ndani na masweta yake mawili mwilini. "Nani aliandika?"

"Mimi, Mama."

"Nani alifuma?"

"Mimi, Mama," alisema Sanga, "ila nilifuma kilichoandikwa. Na nukta ilikuwepo."

Mama akanigeukia. "Kadi yako, mdomo wako. Kesho utayapeleka kwa Mwalimu wewe mwenyewe, na utamweleza wewe mwenyewe. Akiyakataa, kupita hapa usipite. Panda gari la Njombe ukaendelee na viazi."

Kwangu kufukuzwa kulikuwa na uzito, kwa sababu wadogo zangu wawili walikuwa wanasoma kwa mkono wangu. Lakini nikiri, usiku ule kilichonikosesha usingizi ni lile neno "utamweleza".

Mwalimu Kilasi alilitandaza sweta moja kwenye meza yake. Aligeuza peni, akaanza kuhesabu vitanzi kwa kitako chake, kutoka kushoto kwenda kulia. Alipofika mwisho wa mara ya pili akaacha, akanitazama juu ya miwani.

"Niliagiza tatu tatu. Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye kola," nilisema.

"Kola gani?"

"Ya mviringo. Ishirini na mbili juu ya saba."

Akaegemea kiti. Nikaona midomo yake inakazana kuzuia kitu. "Kwa hiyo mimi niliagiza theluthi moja, mkaniletea moja ya saba."

Sikuelewa, nikatikisa kichwa kama aliyeelewa.

"Inarudia mpaka wapi?" aliuliza.

"Mpaka uzi uishe, Mwalimu."

Hapo akacheka. Alicheka mpaka karani akachungulia mlangoni. Nikadhani nimepona. Lakini akafuta miwani, akasema, "Mzazi akiniuliza kwa nini mkanda wa mwanangu uko hivi, mimi nitamjibu. Akikuuliza wewe fundi, utasema nini? Siwavalishi watoto kosa ambalo hata mwenye kosa halielewi. Sogea hapa."

Alichukua masweta mawili, akayalaza moja juu ya jingine, mkanda chini ya mkanda. "Fikiri mikanda hii haina mwisho upande wa kulia. Huu wa chini uite namba yako, sifuri nukta moja nne mbili nane tano saba, na kuendelea. Sasa huu wa juu nausogeza kushoto hatua moja nzima, tarakimu sita. Kusogeza tarakimu sita ni kuzidisha kwa ngapi?"

"Milioni moja."

"Tazama mikia yao."

Nikatazama. Mkanda wa juu ulikuwa umetoka nje kwa upande wa kushoto, kipande kimoja kizima, 142857. Baada ya hapo nyeupe ilikuwa juu ya nyeupe na bluu juu ya bluu, mpaka mwisho. Mikia ilikuwa ileile.

"Toa wa chini kutoka kwa wa juu. Mikia inakwenda na mikia. Umebaki na nini? Milioni toa moja ya namba yako ni sawa na kile kipande kilichotoka nje. Yaani namba yako mara 999999 ni 142857. Gawa, punguza, utapata moja ya saba. Mkia ukiwa na tarakimu moja, tumia tisa. Tarakimu mbili, tisini na tisa. Ndiyo yote."

Nawaambieni, nilikuwa nimepita darasa la saba bila kujua kwamba mkia unaweza kukatwa kwa mkia mwenzake.

Halafu akaandika namba tatu kwenye karatasi: 0.272727 na kuendelea, 0.166666 na kuendelea, na 1.41421356237 na kuendelea, na pembeni ya hii ya mwisho akachora alama ya kipeuo cha pili cha mbili. "Ijumaa njoo uwaeleze kidato cha pili ipi inarudi kuwa sehemu na ni sehemu gani. Ukiweza, haya nayapokea na yaliyobaki fumeni hivihivi. Ukishindwa, mtafumua yote."

Nilirudi Makambako mjini nikitamani kuugua. Mama Mgaya aliuliza, "Amekataa?" Nikasema bado. Akauliza, "Bado mpaka lini?" Nikasema Ijumaa, mbele ya darasa. Akanitazama kwa huruma, akaniongezea chai.

Ile ya kwanza tuliifanya kwa vipande vya skafu. Mbili nyeupe, saba bluu, mbili nyeupe, saba bluu. Ukisogeza hatua moja, zinatoka nje 27. Ishirini na saba ya tisini na tisa, ambayo ni tatu ya kumi na moja. Ya pili ilinihangaisha siku nzima, maana ile moja ya mbele hairudi tena, na nilipoweka skafu moja juu ya nyingine rangi ziligombana. Nikakumbuka nukta yetu ya karakana. Ile moja ni pembeni ya kushonea, haimo kwenye mkanda. Nikasogeza kwanza skafu zote mbili zipite pembeni, yaani mara kumi, ikawa 1.6666. Halafu moja nikaisogeza tena, 16.6666. Mikia ikafutana, sita juu ya sita hata rangi zikipishana, zikabaki kumi na tano ya tisini. Moja ya sita.

Ya tatu Sanga alisema ni yake.

"Hii inarudia, ila iko mbali," alisema. "Namba ni kama mtu wa Makete aliyekwenda kufanya biashara. Anarudi, ila usimhesabie siku."

Akaanza kuifuma skafu ili aone inarudia wapi. Moja, pembeni. Nne nyeupe, moja bluu, nne nyeupe, mbili bluu, moja nyeupe, tatu bluu. Simu ikaisha tarakimu. Akaazima simu ya jirani, ikaongeza chache. Alhamisi skafu ilikuwa imefika mlangoni na haijarudia.

Ijumaa nilisimama mbele ya wanafunzi kama arobaini, na Mwalimu Kilasi amekaa nyuma kabisa. Nilisema "kamwene". Wakaitikia wote kwa pamoja, sauti ikanigonga kifuani, nikasahau kila kitu. Sijui nilisimama muda gani. Msichana wa mbele akamnong'oneza mwenzake, "Huyu ni fundi wa umeme?" Wakacheka. Mikono yangu, kwa kukosa la kufanya, ikatoa skafu mbili mfukoni na kuzitandaza mezani, kwa kuwa mikono haikuwa na aibu. Na mikono ilipoanza, mdomo ukaifuata. Wakasogea. Nikasogeza skafu, nikauliza, "Mikia yao?" Wakasema, "Ileile." Nikauliza, "Nje kimetoka nini?" Wakasema, "Ishirini na saba." Ya pili nayo ikapita, na pembeni yake.

Nikafika ya tatu. "Hii haifumiki," nilisema.

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Umejuaje?"

Hapo ndipo ningeweza kudanganya. Nikawaza viazi. Nikawaza kufumua masweta thelathini na mawili. Nikasema, "Sijui. Simu iliisha kabla haijarudia. Sanga anasema iko mbali." Halafu nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya nilipokuwa shule. Nikamgeukia Mwalimu na kuuliza swali. "Mwalimu, tutajuaje kama hairudii kabisa, au inarudia mbali tu?"

Mwalimu Kilasi akaja mbele polepole.

"Hilo," alisema, "ndilo nililokuwa nalingoja."

Akaandika mgawanyo wa moja kwa saba ubaoni. Kila hatua kuna baki, na ukigawa kwa saba baki haiwezi kuwa kubwa kuliko sita. Zikishatumika zote sita, lazima moja irudi, na ikirudi, majibu yote yanarudi kwa foleni ileile. Kwa hiyo kila namba inayoandikika kuwa namba nzima juu ya namba nzima, na namba hizo huitwa namba wiano, ama inakwisha ama inajirudia. Nyingine zinarudia mbali kweli. Moja ya kumi na saba inazunguka tarakimu kumi na sita, na simu nyingi zinaikata kabla haijamaliza. Kwa hiyo kutoona kwenye simu si ushahidi. Ila ile ya tatu ilikuwa kipeuo cha pili cha mbili, na kuihusu hiyo kuna hoja nyingine, isiyotegemea simu, inayoonyesha kwamba haiwezi kuwa sehemu yoyote. Aliiandika ubao mzima. Niliielewa nusu, na nusu ile naitunza mpaka leo. Na ile ya mviringo yenyewe, alisema, nayo hairudii kamwe. Ishirini na mbili juu ya saba ni jirani yake tu, ana tabia nzuri, ndiyo maana tunamwalika.

Akaweka chaki chini. "Fundi, yaliyobaki fumeni hivihivi."

Mama Mgaya aliposikia alivua sweta la juu akanipa.

Nilikaa pale miaka mingine sita, na kila mwaka shule ile iliagiza mkanda uleule. Kulitokea tatizo moja tu. Kwenye mtihani, Mwalimu Kilasi aliuliza desimali ya moja ya saba, darasa zima likapata. Alipochunguza akaona kila mtoto anamtazama mwenzake kifuani. Mwaka uliofuata aliuliza tatu ya saba, na wajanja wakaanza kusoma mkanda kutoka kwenye ile nne: nne, mbili, nane, tano, saba, moja. Wakapata tena. Mwishowe akaamuru masweta yavuliwe kwenye mtihani wa hisabati, na baridi ya Makambako mnaijua. Nasikia siku hizo walimaliza mtihani mapema.

Wadogo zangu, mkipita Makambako mkaona watoto wa shule wenye mkanda wa bluu na nyeupe usiokaa sawa, hesabuni vitanzi. Na kama kuna jambo sikulieleza vizuri, au mnajua namba nyingine yenye mkanda mzuri, niandikieni. Nitajibu. Nitachelewa, ila nitajibu.

Lakini zaidi ya yote nawaomba jambo moja. Mwenye simu ya tarakimu nyingi aniandikie tarakimu zinazofuata za ile namba ya tatu, nyingi kadiri awezavyo, nimpelekee Sanga. Mimi namwamini Mwalimu. Sanga hajamwamini. Skafu imeshatoka nje ya karakana, imezunguka kona, na bado anafuma.